Sehemu Moja ya Mia ya Kilichobaki

Mjomba wangu alikuwa mtunza tangi. Ukiitaja kazi hiyo mbele ya watu wanakutazama wakisubiri uendelee, kumbe umeshamaliza. Palikuwa na tangi la maji juu ya mteremko, la zege, la mviringo, kina chake mita tatu, na yeye alilitunza kwa miaka thelathini na mmoja. Alfajiri alifungua koki kubwa maji yateremke kwa watu. Saa tatu asubuhi mgao ulikwisha, akaifunga. Jioni aliifungua tena, na saa mbili usiku aliifunga, akalijaza tangi mpaka juu, akazima pampu na kwenda kulala. Katikati ya hayo alifagia. Sijawahi kuona mtu anayefagia zege kwa moyo kama ule.

Ndani ya tangi kulikuwa na fimbo ya chuma iliyochorwa sentimita, moja hadi mia tatu. Kila asubuhi kabla ya kugusa koki alipanda ngazi, akasoma maji yamefika wapi, akashuka na kuandika kwenye daftari. Kilichotakiwa ni namba, lakini yeye aliandika neno moja: Kamili. Kurasa na kurasa, mwaka hadi mwaka, Kamili, Kamili, Kamili. Watu wa mteremkoni walimwita Mzee Kamili, naye aliitika huku akinyoosha shati lake.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Niliishi naye miaka miwili nikiwa shuleni, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo chini ya tangi, mali ya mamlaka ya maji. Alikuwa ameshafiwa na mkewe na binti zake wameolewa mbali, kwa hiyo tulikuwa wawili, na yeye ndiye aliyepika, maana mimi hata ugali wa mtu mmoja ulinishinda. Sasa nafundisha hesabu katika shule ya sekondari, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho nawafundisha milinganyo tofautishi. Jina hilo linawatisha kabla sijashika chaki, basi huwa naanza hivi: hesabu mlizozizoea zinauliza kitu ni kiasi gani. Hizi zinauliza kinabadilika kwa kasi gani, na kasi yenyewe inategemea nini. Ukishalijua hilo, na ukajua ulipoanzia, unaweza kutembea mbele mpaka kesho au kurudi nyuma mpaka juzi. Wachache hunielewa siku hiyohiyo. Wengine huelewa baada ya mtihani, na wengine hawaelewi kabisa lakini wanaishi vizuri tu.

Mjomba alikuwa amebakiza miezi kumi na moja kustaafu meneja mpya alipokuja. Alikuwa kijana mwenye adabu na haraka, aliyeamini vitu vinavyopimika, na kwa hilo simlaumu. Jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mita mbili: moja kwenye bomba linaloingiza maji tangini, nyingine kwenye bomba linaloyatoa. Maji yanayoingia yalitakiwa yalingane na yanayotoka. Hayakulingana. Kila siku yalipotea maji ya kujaza gari zima la maji, na daftari la mjomba halikuwa na habari hiyo. Daftari lilisema Kamili.

Meneja alisubiri wiki nane, akisoma mita mwenyewe, kisha akamwita ofisini.

"Mzee wangu, mita hazina chuki na mtu," alimwambia. "Maji yanaingia, na hayatoki kwa bomba letu. Nani anayachukua?"

"Sijui, Meneja."

"Unalala hapo hapo chini ya tangi na hujui?"

Mjomba alinisimulia hayo jioni, akiwa amekaa kwenye kigoda changu na kofia mkononi. Ilikuwa wazi kinachokuja. Kikao cha nidhamu kilikuwa baada ya wiki nne. Akionekana ni mwizi wa maji, atafukuzwa kazi, atatoka kwenye nyumba ile, na huko mteremkoni, ambako kila mlango aliwahi kuubishia hodi kuwaambia watu maji yanakatwa saa ngapi, ataitwa jina jingine. Hilo la mwisho ndilo lililomsumbua. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, naye kazi yake ilikuwa maji, na nilitaka kumtania hivyo lakini nilipomtazama usoni nikaacha.

Meneja akaweka mlinzi pale tangini, mchana na usiku. Hapo mjomba akafanya kosa ambalo mtunza tangi peke yake anaweza kulifanya. Zamani, baada ya mgao wa asubuhi, aliliacha tangi likiwa nusu mchana kutwa, kisha akalijaza kabla ya jioni. Sasa, ili kila mtu aone hana hila, akawa analijaza pomoni muda wote. Likishuka kidogo tu, anawasha pampu. Alidhani tangi lililojaa ni ushahidi.

Upotevu ukaongezeka. Meneja aliziangalia mita, akamwangalia mlinzi, akasema wazi kwamba sasa wezi ni wawili.

Niliposikia hivyo nikashika kalamu. Sikusukumwa na huruma, maana huruma ninayo ila si nyepesi kutoka. Nilisukumwa na kitu kilichonikera kama herufi iliyoandikwa kinyume ubaoni. Kwa nini tangi lipoteze zaidi linapojaa? Mwizi ana ndoo zake au gari lake. Akija leo atachukua alichokuja nacho, na kesho vilevile. Mwizi hajali tangi lina maji kiasi gani, mradi yapo. Anayejali ni ufa. Maji yakiwa marefu juu ya ufa yanasukuma kwa nguvu, na yakipungua yanasukuma polepole.

Nikaenda kwa meneja na kumwomba siku tatu, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, koki ikiwa imefungwa na pampu imezimwa. Siku ya kwanza tangi lianze mita tatu, ya pili mbili, ya tatu moja. Mimi nisome fimbo kila saa.

"Mwalimu, ni mjomba wako," alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo siku ya tatu utasoma wewe."

Siku ya kwanza nilipanda ngazi mara saba. Saa ya kwanza maji yalishuka sentimita tatu. Saa iliyofuata yalishuka tatu kasoro kidogo, na iliyofuata kasoro zaidi. Hadi saa tisa yalikuwa yameshuka kumi na saba na nusu. Siku ya pili, kuanzia mita mbili, saa ya kwanza yalishuka sentimita mbili, na kwa saa zote sita yalishuka kumi na mbili kasoro. Niligawa kila upungufu kwa maji yaliyokuwepo mwanzo wa saa ile, na jibu lilikuwa lilelile: sehemu moja ya mia. Kila saa lilipotea fungu moja la mia la kilichobaki. Hapakuwa na saa iliyorukwa.

Mlinzi alikuwa amekaa kivulini akinitazama nikigawanya. "Kwa hiyo mwizi ni nani, Mwalimu?"

"Wewe niambie. Ni mwizi gani anayepiga hesabu ya kilichobaki kila saa, anachukua moja ya mia, na hasimami hata kwenda kula?"

"Huyo angekuwa mhasibu," alisema mlinzi.

Mjomba naye alitaka kuelewa. Shule aliiachia darasa la saba, lakini akili yake haikustaafu. Nilimchorea mstari unaoteremka kwa kasi kisha unalegea, unalegea, bila kufika chini kabisa.

"Kwa hiyo kadiri lilivyojaa ndivyo linavyopoteza," alisema.

"Ndivyo."

Akavua kofia, akajipapasa utosi. "Kama nywele zangu. Zilipokuwa nyingi zilianguka nyingi. Sasa zimebaki chache, zinaanguka kwa heshima."

Nilicheka, na ukweli ni kwamba sijapata mfano mzuri kuliko huo. Nautumia darasani mpaka leo, ila sisemi ni wa nani.

Jioni ya siku ya pili nilikaa mezani kwangu kuandaa utabiri wa siku ya tatu. Huo ulikuwa rahisi: ukianza na mita moja, baada ya saa sita utakuwa umepoteza sentimita tano nukta tisa. Niliandika kwenye karatasi, nikaikunja. Mkono ukiwa bado na hamu, nikavuta karatasi za mita ambazo meneja alikuwa amenipa, za wiki kumi na mbili, nikataka kuona kama ule mwendo wa moja ya mia ulikuwa hivyo tangu mwanzo.

Haukuwa. Nilizichukua siku zile tu ambazo tangi lilikuwa limejaa, ili nisijidanganye. Wiki ya kwanza, tangi likiwa limejaa, lilikuwa likipoteza sentimita mbili na nusu na kidogo kwa saa. Sasa lilipoteza tatu. Maji yalikuwa yakila njia yao wenyewe. Ufa mpana hupitisha maji mengi, na maji mengi huupanua ufa, kwa hiyo unavyozidi kuwa mkubwa ndivyo unavyokua haraka. Kila wiki uliongezeka sehemu moja na kidogo ya mia ya ulivyokuwa. Kwa mwendo huo unajizidisha mara mbili kila mwaka na wiki chache.

Nami, kama ninavyowafundisha watoto wa watu, nikarudi nyuma. Mwaka jana ulikuwa nusu, mwaka juzi nusu ya nusu. Niliendelea kugawanya mpaka nikafika mahali ambapo usiku mzima ungepoteza maji yenye unene wa kidole kidogo, kitu cha kwanza ambacho mtu angekiona kwenye fimbo. Ilikuwa miaka sita nyuma.

Nikaweka kalamu chini. Miaka sita ni asubuhi elfu mbili na zaidi. Katika kila asubuhi hiyo mjomba wangu alipanda ngazi, akaona maji yamepungua, akashuka, na daftari likaandikwa Kamili.

Nilikasirika sana. Yeye ndiye aliyenifunza kutaja idadi ya embe zilizokuwepo kabla sijala moja. Kisha hasira ikapoa, ikabaki hofu, kwa sababu nilijua maana yake kesho. Kumbukumbu za uongo zinamfukuzisha mtu kazi sawasawa na wizi, na nyumba inakwenda vilevile. Nikaziweka zile hesabu chini ya rundo la madaftari ya wanafunzi. Nikajiambia nimeulizwa swali moja tu, kama ni mwizi au ni ufa, na swali hilo nimelijibu. Mwalimu wa hesabu akianza kujiambia maneno kama hayo, ujue ameshapotea.

Siku ya tatu meneja alikuja na viatu vizuri na akapanda ngazi navyo. Karatasi yangu iliyokunjwa ilikuwa mfukoni mwa shati lake, hajaifungua. Alisoma fimbo kila saa bila kuzungumza na mtu. Saa tisa alishuka, akasema, "Sita kasoro kidogo," akafungua karatasi, akaisoma, akaikunja tena taratibu.

Tukaingia ofisini watu wanne: yeye, mjomba, mlinzi na mimi. Meneja alisimama kwanza. Alimwomba mjomba radhi, kisha mlinzi, bila kuzungusha maneno, nami nikampenda kwa hilo. Mlinzi alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Mjomba aliinamisha kichwa.

"Sasa tuandike ripoti," alisema meneja akikaa. "Ufa uko chini, maji yanaingia ardhini, ndiyo maana hakuna aliyeona. Tangu lini?" Akajijibu mwenyewe, huku akivuta daftari la mjomba. "Huku nyuma kote ni Kamili. Basi ni mwaka huu. Mashine zilizoshindilia barabara hapa chini mwanzoni mwa mwaka zilitikisa kila kitu. Tutaziba kwa saruji kwa ndani, siku mbili tu, na mzee astaafu kwa amani." Akaanza kuinua uso kunielekea. "Au siyo, Mwalimu? Hesabu zako zinakubali..."

"Si mwaka huu," alisema mjomba.

Meneja akamgeukia.

"Ni miaka sita. Mwanzoni ilikuwa kidole kimoja asubuhi. Nikasema, nikiandika hivi wataniuliza nimefanya nini. Nikawasha pampu kidogo, likajaa, ndipo nikaandika. Sikuandika kabla halijajaa hata siku moja." Alisema hilo la mwisho kwa haraka, kama mtu anayetetea kipande kidogo kilichobaki. "Halafu kikawa vidole viwili, halafu kiganja. Kila mwaka nikasema mwaka huu nitasema. Usizibe kwa saruji, Meneja. Maji ya miaka sita yamekwenda mahali. Ule ukuta wa mawe unaoshikilia mteremko kule chini, nyuma ya nyumba tatu za kwanza, una unyevu. Uani kwa fundi cherehani majani hayakauki hata kiangazi, na yeye anamshukuru Mungu."

Mlinzi alikuwa ameacha kutabasamu.

Tangi lilimwagwa siku iliyofuata, na watu wa nyumba tatu wakahamishwa, wakilalamika, fundi cherehani akilalamika kuliko wote kwa sababu alikuwa na sare za shule za kumalizia. Mhandisi alichimba ubavuni mwa mteremko. Chini ya msingi wa tangi alikuta shimo ambalo mtu mzima angeweza kuingia, akakaa, akanyoosha miguu. Udongo uliolishikilia tangi upande ule ulikuwa uji. Alisema lingesimama kwa msimu mmoja wa mvua, labda. Sikumwomba anionyeshe hesabu yake.

Kila mtu mteremkoni alinikumbusha methali ile ya ufa na ukuta, kana kwamba wameitunga wao asubuhi hiyo. Niliwaambia asanteni.

Mjomba alifukuzwa kazi. Barua ilisema kumbukumbu zisizo za kweli, kwa muda mrefu, zilizohatarisha maisha ya watu, na sikuona neno ndani yake la kubishania. Meneja aliileta mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Mteremkoni waligawanyika. Wengine walisema aliwaokoa, wengine walisema alitaka kuwaua, na pande zote mbili zilikuwa sahihi, jambo ambalo halifurahishi watu. Mlinzi ndiye aliyesaidia kubeba godoro.

Sasa anaishi kwangu. Chumba cha mbele ni chake. Amefagia ua mpaka udongo umebadilika rangi. Kwa mwezi mzima hatukuzungumzia kikao kile, na mimi kila siku niliamka nikisema leo nitasema, hata nilipojisikia nikisema hivyo kwa mara ya ishirini nikaona haya.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa jikoni anamenya viazi, maana bado ndiye anayepika. Nikasimama mlangoni.

"Mjomba, nilikuwa najua. Miaka sita. Niliipata jioni ya siku ya pili, nikaificha. Pale ofisini ningenyamaza, na wale watu wangeendelea kulala chini ya ule ukuta."

"Najua ulijua," alisema, hata kisu hakukisimamisha. "Asubuhi ile ulikuja hukunitazama machoni. Tangu ukiwa mdogo ukijua jambo langu hunitazami."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilikuwa nangoja. Nilijidanganya nitapona." Akatupa kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine. "Halafu nikamwona Meneja anakugeukia wewe. Nikafikiri, huyu sasa ama atasema uongo kwa ajili yangu, ama atanisema. Kwa vyovyote ataishi nalo, na yeye bado kijana. Ndiyo maana nilisema upesi vile. Wale wa ukutani niliwakumbuka nikiwa nimeshaanza kuongea, mwanangu. Mungu anisamehe."

Nilikaa pale pale kizingitini nikalia, mimi ambaye nyumbani wananiita jiwe. Akaniacha nilie. Viazi vilipoisha akaniomba nimpishe mlangoni, amwage maganda.